Betri za gari-nyumba zinaisha kabla ya usiku wa manane tukiwa Kisumu: ninunue mpya au kuna hitilafu kwingine?

MwalimuNjoro (Nakuru)

Salamu kwenu nyote. Mimi na mke wangu ni walimu wastaafu tunaoishi Njoro, na kwa safari zetu za magharibi tunatumia basi dogo la zamani la abiria 33 lililong'olewa viti na kuwekwa kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na friji, hata likawa nyumba ya kuwatosha watu wawili. Injini ni ya dizeli, na umeme wa gari lenyewe ni wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo. Upande wa nyumba una betri nyingine mbili za volti 12, kila moja ya ampea-saa 100, za aina ya AGM zilizofungwa zisizoongezwa maji, nazo zimeunganishwa kwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, chini ya kitanda. Juu ya paa kuna paneli mbili za sola za wati 150 kila moja, na nyuma kabisa ya gari kuna inveta ya wati 1500, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 240, inayoendesha friji ya kawaida ya nyumbani, televisheni ndogo, na mara mojamoja pasi.

Tukiwa Nakuru umeme hutosha, japo kwa shida. Tukiteremka Kisumu kupitia Kericho, au tukiendelea hadi Homa Bay na Mbita, inveta huanza kulia mnamo saa 3 usiku, hasa pale friji inapowasha kompresa yake, na mara nyingi huzima kabisa kabla ya saa 6. Kinachonitatiza ni kwamba inapolia, kioo cha kidhibiti cha sola huonyesha volti 12.2, ambazo sidhani ni za betri iliyokwisha. Isitoshe, wakati huo tunakuwa tumetoka kuendesha gari kwa saa nyingi, na aliyetufungia mfumo huu alituhakikishia kwamba injini huzichaji betri za nyumba tunapotembea. Muuzaji mmoja wa betri alizipima dukani kwake, akasema zote mbili zimekufa na kwamba hakuna la kufanya ila kununua mpya. Kabla ya kutumia fedha nyingi hivyo ningependa kujua nipime nini hasa, maana mita ninayo na kuisoma ninaweza.

Kuna jambo jingine ambalo huenda lisihusiane. Betri moja kati ya zile mbili za injini hunywa maji kuliko nyingine, na baada ya safari ndefu kunakuwa na harufu ya mayai viza karibu na sanduku lake. Asubuhi injini huzunguka kwa uzito kabla ya kuwaka. Naomba msaada wenu, kwa kuwa ndani ya friji hiyo tunahifadhi dawa ya mke wangu ambayo lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za selisiasi. Kwa sasa tumerudi nyumbani.

FundiKibuye (Kisumu)

Mwalimu, usinunue betri bado. Betri inayopimwa ikiwa na chaji nusu huonekana mbovu kwenye mashine ya kupimia hata kama ni nzima, na maelezo yako yananifanya niamini kwamba zako hazijajaa kwa muda mrefu. Kwanza tujue umeme unapotelea wapi.

Anza na volti za betri iliyotulia. Zima kila kitu, zitenganishe paneli, zitenganishe pia betri mbili za nyumba moja na nyingine, kisha uziache usiku kucha bila chaji wala mzigo. Asubuhi, betri ya AGM iliyojaa husoma takriban volti 12.8, iliyo nusu husoma karibu 12.2, na ikishuka hadi 11.8 haina kitu cha maana kilichobaki. Usizipime zikiwa bado zimeunganishwa, kwa sababu kwenye sambamba zote mbili husoma namba moja na hutajua ni ipi inayoivuta nyingine chini.

Kipimo cha pili ndicho ninachokisubiri kwa hamu zaidi. Inveta haijui betri ina volti ngapi. Inajua tu volti zinazoifikia kwenye terminali zake. Wewe ulisoma 12.2 kwenye kidhibiti, lakini friji yenye kompresa ya wati 120 huweza kuvuta mara kadhaa ya kiasi hicho inapoanza kuzunguka, kwa muda mfupi ambao kioo cha kidhibiti hakiuoni. Kama nyaya ni nyembamba au kiungo fulani kimelegea, volti huanguka kwa nukta hiyo na inveta hulia. Ili kuliona jambo hilo kwa utulivu, washa pasi, na inapopasha moto pima kwenye terminali za betri, halafu mara hiyohiyo upime kwenye terminali za inveta. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo volti zinazopotea njiani. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na ncha nyingine kwenye chanya ya inveta, uandike unachosoma, na urudie vivyo hivyo kwa upande wa hasi. Watu wengi hupima chanya tu wakasahau kwamba umeme lazima urudi.

Kipimo cha tatu kinahusu ile harufu, ambayo wewe umeitaja mwishoni lakini mimi naona ni habari nzito kuliko zote ulizotoa. Injini ikiwa inanguruma kwa mwendo wa wastani, pima betri mbili za injini kwa pamoja, kisha pima kila moja peke yake. Baada ya hapo zima injini na uufuate kwa macho ule waya unaokwenda kuchaji betri za nyumba: umeanzia kwenye terminali ipi? Betri ya risasi, kama zilivyo zako zote, inayotoa harufu ya mayai viza inachemshwa na chaji iliyopita kiasi. Gesi hiyo yenyewe ni sumu, na pamoja nayo hutoka hidrojeni inayoweza kulipuka kwa cheche moja, kwa hiyo lipe sanduku hewa ya kutosha kwanza, usisogeze moto, na uvue pete na saa ya mkononi kabla ya kushika spana.

BarabaraNdefu (Eldoret)

Ningemshauri Mwalimu aachane na betri za risasi kabisa, anunue moja ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma. Ya ampea-saa 100 inaweza kutumika hadi asilimia 80 au zaidi bila kudhurika, ilhali ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu mara kwa mara. Ni nyepesi, na volti zake hazishuki sana hadi karibu na mwisho, hivyo inveta haitakuwa inalia ovyo. Nimeitumia katika gari langu kwenye barabara za Kapenguria na Mlima Elgon na sijaijutia.

MamaSola (Kakamega)

Mwalimu, naomba tuanze na dawa, kwa kuwa haiwezi kungoja ukarabati. Tafuta sanduku la kuhifadhi ubaridi na vifurushi vya barafu, uifunge dawa kwa kitambaa au katoni ili isigusane na barafu yenyewe, maana dawa nyingi za namba hizo huharibika zikiganda kama zinavyoharibika kwa joto, na uweke kipimajoto humo ndani. Kaa na sanduku hilo garini hata baada ya mfumo kupona. Kwa jaribio la usiku kucha alilolieleza Fundi, friji ya nyumbani kwenu Njoro itakufaa.

Ndugu wa Eldoret, sifa ulizozitaja ni za kweli na mimi mwenyewe huzifunga betri hizo kwa wateja. Hata hivyo, kuiweka leo katika gari hili kungekuwa kuongeza tatizo. Betri ya lithiamu hupokea mkondo mkubwa bila kujizuia, na ikiunganishwa na chanzo cha chaji ambacho tayari kinaonyesha dalili za kuungwa vibaya, itakivuta kwa nguvu zaidi kuliko hizi za AGM. Wala haitapunguza hata ampea moja ya kile ambacho friji inakula.

Na hapo ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu Fundi ameangalia njia ya umeme lakini hakuna aliyeuliza ni umeme kiasi gani unaoingia na kutoka. Friji ya kawaida ya nyumbani, ikiwa ndani ya gari lililoegeshwa Kisumu ambako joto la alasiri hukaribia nyuzi 30, haitashangaza ikitumia wati-saa 900 kwa siku. Ukigawanya kwa volti 12 na kuongeza kile kinachopotea ndani ya inveta, unapata takriban ampea-saa 85. Inveta yenyewe, hata isipoendesha chochote, huvuta karibu ampea moja, nayo ni ampea-saa 24 kwa siku nzima. Ongeza taa, pampu ya maji, simu na televisheni, useme 15 au 16. Jumla yake ni kama ampea-saa 125 kwa siku, wakati betri zako mbili zikitumika kwa uangalifu zinaweza kutoa 100 tu.

Upande wa mapato, paneli za wati 300 kwa saa tano za jua kamili, ukitoa sehemu ya tatu hivi kwa ajili ya joto, vumbi na nyaya, zitakupa kama wati-saa 1000, yaani ampea-saa 80 na kidogo. Hiyo ni siku nzuri. Barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia hukata ikweta pale Maseno, kwa hiyo paneli zilizolala bapa juu ya paa hazipotezi kitu kikubwa kwa kutoinamishwa. Jua letu hupita karibu na utosi. Kinachoharibu hesabu ni mawingu na mvua za alasiri, ambazo ukanda wa ziwa pamoja na nyanda za Kericho na Nandi huzipata mara nyingi. Anayeegesha chini ya mwembe hadi saa 5 asubuhi akitarajia kwamba jua la alasiri litafidia, huenda asilipate. Egesha mahali ambapo paa litapigwa na jua tangu linapochomoza.

Kwa hiyo hata nyaya zikiwa safi, kila siku unayokaa bila kuendesha gari utapungukiwa na kama ampea-saa 45. Pengo hilo linapaswa kuzibwa na injini, au lipunguzwe kwa kubadilisha friji. Ndiyo maana vipimo vya injini ulivyoombwa na Fundi vina uzito.

MwalimuNjoro (Nakuru)

Nawashukuru sana. Dawa imo katika friji ya nyumbani na sanduku la barafu limeshanunuliwa. Vipimo nimevifanya kwa utaratibu mlionipa, mke wangu akiandika.

Baada ya kulala zimetenganishwa, betri moja ya nyumba ilisoma volti 12.5 na nyingine 12.4. Nilipoziunganisha tena na kuwasha pasi ya wati 1000, terminali za betri zilisoma 11.9 na terminali za inveta zikasoma 10.7. Kati ya chanya na chanya kulikuwa na volti 0.45, na kati ya hasi na hasi 0.75. Kitabu cha inveta kinasema hulia kuanzia volti 11 na kuzima ikifika 10.5. Waya wa chanya ni wa milimita mraba 16 na una urefu wa mita 4. Waya wa hasi sikuuona ukirudi kwenye betri. Kuna kipande kifupi tu kilichofungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari, na betri nazo zina kipande chao kilichofungwa kwenye bodi upande mwingine.

Injini ikiwaka, betri zake mbili kwa pamoja zilisoma volti 28.2. Nilipopima moja moja nilidhani mita ina hitilafu: ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye bodi ilisoma 12.9, na ya pili, ile inayokunywa maji, ilisoma 15.3. Waya wa kuchaji betri za nyumba, uliopitia rilei (swichi inayojiwasha kwa umeme), umefungwa katikati, pale betri hizo mbili zinapokutana.

FundiKibuye (Kisumu)

Mwalimu, mita yako haina hitilafu. Umefanya kazi nzuri, na sasa tunaweza kusema kwa uhakika kwamba gari lako lina makosa mawili yasiyohusiana, ambayo yote yamesingiziwa betri.

Nianze na la injini. Altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini, hutazama jumla ya volti za betri mbili, na jumla ya 28.2 ni sahihi kabisa, kwa hiyo yenyewe inaamini kwamba kazi imekwenda vyema. Lakini aliyefunga mfumo alitafuta volti 12 kwa njia ya mkato, akauchukua umeme kutoka katikati ya betri mbili za mfululizo. Kila ampea inayokwenda kwenye betri za nyumba inatoka kwenye betri moja tu, ile ya chini, yaani ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye bodi. Volti za betri hiyo hushuka, na kwa kuwa altaneta inashikilia jumla ileile, kilichopungua kwa betri ya chini huongezwa kwa ya juu. Ya chini ikibaki na 12.9, ya juu inabebeshwa 15.3, na betri ya aina hiyo inayochajiwa kwa volti 15.3 kutoka Njoro hadi Ahero lazima ichemke, ipoteze maji na kutoa ile harufu. Wakati huohuo ya chini haijai kamwe, ndiyo maana asubuhi injini huzunguka kwa uzito. Nazo betri za nyumba, zilizo mwisho wa waya mrefu, zinapata volti zisizofika hata 12.9 ilhali zinahitaji kati ya 14.4 na 14.7 ili zijae. Umekuwa ukiendesha gari safari nzima bila kuzichaji kwa maana yoyote.

Hili si jambo geni. Magari mengi ya abiria ya volti 24 yamefungwa redio za volti 12 kwa njia hiyohiyo, na betri zake hufa kwa zamu bila mwenye gari kujua sababu. Kama redio ya enzi za matatu bado imo katika gari lako, ichunguze nayo.

Dawa yake ni kuung'oa kabisa waya wa katikati. Nunua chaja ya kutoka volti 24 kwenda volti 12, iliyotengenezwa kwa kuchaji betri na yenye mpangilio wa AGM. Kifaa cha kawaida cha kupunguza volti kwa ajili ya redio hakitoshi, kwa sababu hakijui hatua za chaji. Ya ampea 30 itakutosha: itavuta takriban ampea 17 kutoka betri zote mbili kwa usawa, na kwa saa tatu au nne za barabarani itarudisha sehemu kubwa ya ulichotumia usiku. Waya wake wa kuamrisha uufunge kwenye swichi ya injini, ili isizinyonye betri za injini mkiwa mmeegesha. Weka fyuzi pande zote mbili, karibu na kila betri. Betri za injini zichajiwe moja moja, zipimwe, na ikiwa hiyo iliyochemka imeharibika ubadilishe zote mbili pamoja, kwa kuwa mpya na kuukuu katika mfululizo huumizana.

Kosa la pili ni la inveta. Pasi ya wati 1000 kwa volti 10.7, ukihesabu na upotevu wa inveta, inavuta ampea mia na kidogo. Waya wa shaba wa milimita mraba 16 wenye urefu wa mita 4 hupoteza karibu volti 0.45 kwa mkondo huo, na ndizo hasa ulizozisoma. Maana yake waya wenyewe ni wa shaba kweli na viungo vyake ni vizima. Ni mwembamba tu. Hasi ndiyo mbaya zaidi. Volti 0.75 zinapotea mahali ambapo umeme unapita kwenye bolti mbili, rangi, kutu na mabati ya bodi ya basi la miaka mingi. Usipoteze muda kuisugua bodi kwa msasa.

Maoni yangu ni kwamba usinunue mita nane za kebo nene. Ihamishe inveta iwe karibu na betri, umbali wa mita moja au pungufu, lakini isiwe ndani ya sanduku lilelile la betri, na uiunganishe kwa kebo mbili za shaba za milimita mraba 50, chanya na hasi, zote zikifika kwenye betri zenyewe. Upotevu kwenye kebo utashuka chini ya volti 0.1. Umeme wa volti 240 ndio uupeleke nyuma ya gari kwa waya wa kawaida wa nyumba, kwa sababu wati 1000 kwa volti 240 ni ampea 4 na kidogo tu. Unaponunua kebo, omba ikatwe mbele yako na ukwaruze nyuzi zake kwa kisu: zikiwa nyeupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, nayo hupoteza umeme zaidi kwa unene uleule. Kwenye chanya weka fyuzi ya ampea 175, isizidi sentimita 20 kutoka kwenye betri.

Jambo dogo la mwisho. Kwenye betri mbili za sambamba, chukua chanya kutoka betri ya kwanza na hasi kutoka betri ya pili. Ukichukua zote mbili kutoka betri moja, hiyo itafanya kazi zaidi na kuchakaa mapema.

BarabaraNdefu (Eldoret)

Nimeelewa sasa kwa nini lithiamu isingesaidia hapo. Fundi, je, kile kifaa cha kusawazisha betri mbili za volti 24 hakiwezi kutumika, ili waya wa katikati ubaki ulipo?

FundiKibuye (Kisumu)

Kwa redio na taa ndogo kinafaa. Kwa mkondo wa kuchaji betri za ampea-saa 200 kingehitaji kuwa kikubwa sana, na bado nyumba isingepata zaidi ya nusu ya volti za altaneta, yaani 14.1, ambazo ni pungufu kwa AGM. Chaja inayopandisha hadi 14.4 au zaidi ndiyo njia sahihi.

MwalimuNjoro (Nakuru)

Naandika kutoka Dunga, kando ya ziwa, na nina taarifa kamili. Fundi wa umeme wa magari mjini Nakuru aliifanya kazi yote kama ilivyoelezwa hapa. Nilimchapishia maandishi ya Fundi wa Kibuye akayasoma na kukubaliana nayo, ila akashauri ncha za kebo zifungwe kwa vishikizo vya shaba vilivyobanwa kwa mashine badala ya kuchomelewa.

Betri za nyumba tulizichaji kwanza kwa chaja ya umeme wa nyumbani hadi zikajaa kabisa. Baada ya kutulia zilisoma 12.8 na 12.7, kwa hiyo zile zilizotangazwa kuwa zimekufa bado ziko kazini. Ya injini iliyokuwa ikichemka haikupona, tumebadilisha zote mbili. Injini ikiwaka, jumla ni ileile 28.2, lakini sasa kila betri inasoma 14.1, na harufu haipo tena. Kwa pasi ileile, betri zilisoma 12.2 na inveta ikasoma 12.05. Tuliposhuka kupitia Kericho chaja mpya ilifanya kazi njia yote, na usiku wa kwanza hapa inveta haikulia hata mara moja. Asubuhi nilisoma 12.3. Kipimajoto cha friji kilikuwa nyuzi 5, na mke wangu ameniagiza niwashukuru kwa niaba yake.

Hata hivyo Mama wa Kakamega alikadiria vyema. Tulipokaa bila kuliwasha gari, namba ya asubuhi iliendelea kushuka, na leo kabla ya jua kuchomoza ilikuwa 12.1. Ningependa tukae kando ya ziwa wiki nzima bila kulazimika kuwasha injini. Niongeze betri ya tatu au paneli ya tatu?

MamaSola (Kakamega)

Nimefurahi kusikia habari ya dawa, Mwalimu. Betri ya tatu ingekupa usiku mmoja wa ziada na kuongeza deni la kulijaza asubuhi, kwa hiyo siipendekezi. Kabla ya paneli, badilisha friji. Friji ya kompresa inayotumia volti 12 moja kwa moja, ya ukubwa wa lita 60 hivi, huweza kutumia ampea-saa 40 kwa siku katika joto la huko, nawe utaweza kuizima inveta kwa swichi yake saa zote ambazo hamtazami televisheni wala kupiga pasi. Hapo matumizi yako yatakuwa karibu na ampea-saa 60, na paneli ulizo nazo zitayafidia katika siku ya jua la wastani. Paneli ya tatu iwe kwa ajili ya msimu wa mvua.

Mambo mawili ya kukagua leo ukiwa bado Dunga. Fungua mipangilio ya kidhibiti cha sola uone kimewekwa kwa betri ya aina gani. Vingi huja vikiwa kwenye mpangilio wa betri za jeli, ambao huishia karibu volti 14.1 au 14.2, na betri zako hazitajaa kwa sola hata jua liwe kali namna gani. Kisha panda juu ya paa saa 4 asubuhi utazame kama kivuli cha tangi la maji kinaangukia paneli, maana kivuli kinachofunika safu chache tu za seli huweza kuondoa sehemu kubwa ya umeme wa paneli nzima. Kama kidhibiti kina waya wa kipimajoto, ufunge ncha yake ubavuni mwa betri moja, chini ya kitanda, si ukutani, kwa sababu betri iliyopata joto inahitaji volti pungufu kidogo kuliko iliyo baridi, na gari lako hutoka kwenye ubaridi wa Njoro na kufika kwenye joto la Kisumu katika siku moja.

MwalimuNjoro (Nakuru)

Kidhibiti kilikuwa kwenye mpangilio wa jeli kama ulivyosema, Mama. Nimekihamishia AGM. Kivuli cha tangi kinagusa ukingo wa paneli ya kushoto hadi karibu saa 4 na nusu, kwa hiyo nimeligeuza gari ili tangi liwe upande wa magharibi. Ya friji nitaitafuta nikirudi Nakuru.